Mwongozo Kamili wa Kutumia Saa Janja na Takwimu Zake Kuboresha Afya kwa Mazoezi

Mtu anapovaa saa janja kwa mara ya kwanza huchungulia namba zake kutwa nzima: hatua, mapigo ya moyo, kalori, dakika za usingizi mzito, na zile alama za utayari ambazo programu humpangia kila asubuhi. Baada ya wiki chache namba zilezile humchosha, kwa sababu hazikumwambia afanye nini. Nimeliona jambo hili mara nyingi kwa watu ninaofanya nao mazoezi, na chanzo chake karibu kila mara ni kimoja: takwimu hukusanywa bila swali, kisha hulinganishwa na za watu wengine, ilhali kazi ambayo vifaa hivi huifanya vizuri ni kumlinganisha mtu na nafsi yake, juma hili dhidi ya mwezi uliopita, katika mazingira yanayofanana. Hatua zinazofuata zimepangwa kwa kufuata wazo hilo, na zinamfaa mtu mwenye saa ya bei ya chini sawasawa na mwenye saa ya gharama kubwa.

Hatua ya 1: Andika swali lako kabla ya kufungua programu

Swali linalofaa ni lile linaloweza kujibiwa kwa kipimo ambacho kifaa kinakitoa. "Nataka kuwa na afya njema" ni nia njema, lakini hakuna safu ya takwimu itakayoijibu. "Je, ninafikisha muda wa mazoezi unaopendekezwa kila juma?" linajibika, na "Je, naweza kutembea njia ileile kwa muda mfupi zaidi bila moyo kwenda mbio kuliko sasa?" linajibika vizuri zaidi.

Kwa anayehitaji mahali pa kuanzia, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unampendekezea mtu mzima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa juma, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, au mchanganyiko wa yote mawili, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Mwongozo huo pia uliondoa sharti la zamani lililotaka kila kipindi kifikishe angalau dakika 10, kwa hiyo dakika 6 za kupanda ngazi kwa kasi nazo zinahesabika.

Hatua 10,000 kwa siku, ambazo saa nyingi huziweka kama lengo tangu zinapotoka kiwandani, hazikuanzia maabara. Zilitokana na kipima hatua kilichouzwa nchini Japani mwaka 1965 kwa jina Manpo-kei, maana yake kipimo cha hatua elfu kumi, na jina hilo la kibiashara ndilo lililogeuka kuwa kanuni duniani kote. Kutembea hatua nyingi kuna faida isiyo na shaka, lakini mtu anayetembea hatua 3,500 kwa siku ana kila sababu ya kulenga 5,000 kwanza na kuzishikilia, badala ya kushindwa kila siku mbele ya namba ambayo haikupimwa kwa ajili yake.

Hatua ya 2: Tenganisha kinachopimwa na kinachokisiwa

Hatua hii ndiyo ninayoithamini kuliko zote, kwa kuwa makosa mengi ya baadaye huzaliwa hapa. Ndani ya saa kuna vihisi vichache tu vinavyopima kitu halisi. Kihisi cha mchapuko hurekodi jinsi mkono unavyosogea katika pande tatu, na programu huutafuta ndani ya mienendo hiyo mpigo unaofanana na wa kutembea. Ndiyo maana anayesukuma kigari cha mtoto mikono ikiwa imetulia hupoteza hatua, na anayekatakata mboga huongezewa hatua ambazo hakuzitembea. Taa ndogo za kijani zilizo mgongoni mwa saa humulika ngozi, na kwa kuwa damu hufyonza mwanga wa kijani, mwanga unaorudi hupungua kila mishipa inapojaa na kuongezeka inapopungua; hesabu ya kupanda na kushuka huko ndiyo mapigo ya moyo unayoyasoma. Kipokezi cha GPS huweka alama ya mahali ulipo, mara nyingi kila sekunde moja, na umbali hupatikana kwa kuziunganisha alama hizo. Katikati ya majengo marefu mawimbi ya setilaiti hudunda ukutani, na njia iliyonyooka huonekana imepindapinda.

Yaliyobaki ni makisio yanayojengwa juu ya vipimo hivyo vitatu, umri wako, uzito wako na kanuni ambazo kampuni hazizitangazi. Kalori ndizo zenye udhaifu mkubwa zaidi. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walivijaribu vifaa 7 vya mkononi kwa watu 60, na 6 kati ya hivyo vilikosea mapigo ya moyo kwa chini ya asilimia 5. Lakini upande wa nishati inayotumika, kifaa kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na kilichofanya vibaya kuliko vyote kilikosea kwa asilimia 93. Vifaa vimebadilika tangu hapo, ila tatizo lenyewe limebaki, kwani nishati mwilini haipimwi kwa mwanga wala kwa mchapuko. Kwa hiyo mtu asiongeze chakula kwa sababu saa imemwambia amechoma kalori 600.

Usingizi nao una pande mbili. Muda wote uliolala hukadiriwa kwa kiwango kinachoridhisha, kwa kuwa mwili uliotulia na mapigo yaliyoshuka ni dalili nzuri. Mgawanyo wa usingizi mwepesi, mzito na wa ndoto hujulikana kwa uhakika maabara, ambako vipande vya waya hubandikwa kichwani kusoma mawimbi ya ubongo; saa haina njia ya kuyaona mawimbi hayo, inayabahatisha tu kutokana na mkono na mapigo. Vivyo hivyo, uwezo wa juu wa mwili kutumia oksijeni hupimwa kwa barakoa ya kukusanya pumzi huku mtu akikimbia hadi kikomo, na namba ya saa ni kisio linalofaa kwa kuangalia mwelekeo wa miezi pekee.

Jambo moja linawahusu hasa wasomaji wenye ngozi nyeusi. Melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, hufyonza sehemu ya mwanga kabla haujaifikia damu, na utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba vipimo vya oksijeni vya kubana kidoleni, vinavyotumika hospitalini, vilishindwa kuonyesha upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya ilivyokuwa kwa wagonjwa weupe. Ikiwa hali ni hiyo kwa vifaa vya hospitali, namba ya oksijeni kwenye saa isitumike kamwe kumtuliza mtu anayehisi pumzi inambana.

Hatua ya 3: Chagua kifaa kwa kufuata swali

Anayetaka kuhesabu dakika za kutembea anatosheka na bangili rahisi yenye kipimo cha mapigo. Anayekimbia au kuendesha baiskeli nje anahitaji GPS iliyo ndani ya saa yenyewe ikiwa hapendi kubeba simu. Anayefanya mazoezi ya kupandisha na kushusha kasi kwa vipindi vifupi atafaidika na mkanda wa kifuani, ambao husoma umeme wa moyo moja kwa moja na kufuata mabadiliko ya ghafla ambayo mwanga wa mkononi huyachelewa. Kabla ya kununua, hakikisha jambo ambalo matangazo hulinyamazia: je, programu ya kifaa hicho inakuruhusu kupakua takwimu zako katika faili la kawaida kama CSV (la jedwali) au GPX (la njia uliyopita)? Kifaa kinachozifungia takwimu ndani ya programu yake hakifai kwa kazi iliyoelezwa hapa chini.

Hatua ya 4: Kivae kwa namna ileile kila siku

Saa ikae juu kidogo ya mfupa wa kifundo cha mkono, upana wa kidole kimoja au viwili kuelekea kwenye kiwiko, ikiwa imekazwa kiasi cha kutoteleza na kutoacha alama ya maumivu. Wakati wa kukimbia ikaze tundu moja zaidi. Safisha jasho na chumvi mgongoni mwa saa, epuka kuiweka juu ya mchoro wa wino ulio kwenye ngozi, na siku za baridi anza kwa kupasha mwili joto, kwa kuwa mishipa ya mikono hujibana na mwanga hukosa cha kusoma.

Kuna kosa moja la kulitambua mapema. Wakati mwingine saa huacha kufuata moyo na kuanza kufuata mguu: mtu anakimbia taratibu, anazungumza bila taabu, lakini saa inaonyesha mapigo 165, ambayo ni sawasawa na hatua anazopiga kwa dakika. Ukiona namba isiyolingana na pumzi yako, simama, weka vidole viwili shingoni au mkononi, hesabu mapigo kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa 4. Mwili wako ndio shahidi wa kwanza, na rekodi ya siku hiyo iwekewe alama ili isiingie kwenye hesabu.

Unyanyuaji wa vyuma unahitaji daftari. Kukunja ngumi na kukaza misuli ya mkono huvuruga usomaji wa mwanga, na hata usomaji ukiwa sahihi, mapigo ya moyo hayaelezi misuli imefanya kazi gani. Kwa mazoezi hayo andika mwenyewe uzito, marudio na mizunguko, na usikate tamaa programu inapokupa dakika chache kwa kazi iliyokutoa jasho.

Hatua ya 5: Tumia siku 14 bila kubadilisha chochote

Watu wengi huiruka hatua hii kwa sababu ya hamu ya kuanza, na ninawasihi wasiiruke. Kwa majuma mawili ishi kama ulivyozoea, vaa kifaa usiku na mchana, na usijaribu kuifurahisha saa. Lengo ni kupata kiwango chako cha kawaida: hatua zako za siku ya kazi na za siku ya mapumziko, mapigo yako ya asubuhi, saa zako za kulala, na kiasi ambacho vyote hivyo hupanda na kushuka vyenyewe bila sababu maalumu. Mtu ambaye mapigo yake ya asubuhi huyumba kati ya 60 na 66 kila juma hatashtuka akiyaona 65. Asiyejua hivyo atatafuta maana pasipo na maana.

Mapigo ya mapumziko ya mtu mzima kwa kawaida huwa kati ya 60 na 100 kwa dakika, na waliozoea mazoezi ya muda mrefu huweza kuwa chini ya 60 bila tatizo. Kumbuka kwamba kampuni hazikubaliani juu ya maana ya mapigo ya mapumziko: baadhi huchukua ya chini kabisa ya usiku, nyingine hutafuta wastani wa nyakati za utulivu mchana. Ukibadilisha saa, mfululizo wako wa takwimu umekatika, hata kama namba zinafanana kwa jina. Ukiweza, vaa zote mbili kwa juma moja, moja kila mkono, ili ujue tofauti yao ni kiasi gani.

Hatua ya 6: Tengeneza kanda za mapigo zinazokuhusu wewe

Kanda, yaani viwango vya mapigo vinavyotenganisha zoezi jepesi, la wastani na kali, zinazokuja na saa mara nyingi hutegemea kanuni ya 220 kutoa umri, inayokadiria kiwango cha juu kabisa cha mapigo. Kanuni nyingine, iliyochapishwa mwaka 2001, ni 208 kutoa asilimia 70 ya umri. Kwa mtu wa miaka 40 zote mbili hutoa 180. Kwa mtu wa miaka 60 ya kwanza hutoa 160 na ya pili 166. Tofauti kubwa zaidi haiko baina ya kanuni, iko baina ya watu: watu wawili wa umri mmoja wanaweza kupishana kwa mapigo 10, 20 au zaidi, kwa hiyo kanda hizi ni ramani ya kukisia, na zirekebishwe kwa jinsi mwili unavyojisikia.

Marekebisho ya kwanza ni kuingiza mapigo yako ya mapumziko, kwa njia inayoitwa ya Karvonen, iliyotokana na utafiti wa mwaka 1957. Chukua kiwango cha juu, toa mapigo ya mapumziko, na unapata akiba ya mapigo. Kisha chukua asilimia ya akiba hiyo na kuijumlisha tena na mapigo ya mapumziko. Mazoezi ya wastani ni takriban asilimia 40 hadi 59 ya akiba, na makali ni 60 hadi 89. Mtu wa miaka 40 mwenye mapigo ya mapumziko 64 ana akiba ya 180 kutoa 64, yaani 116. Asilimia 40 ya 116 ni 46, ambayo pamoja na 64 hufanya 110. Asilimia 59 ni 68, ambayo hufanya 132. Kwa hiyo kazi yake ya wastani iko kati ya mapigo 110 na 132. Mwenzake wa umri uleule mwenye mapigo ya mapumziko 80 atapata 120 hadi 139, na sasa inaonekana kwa nini kufuata kanda za rafiki yako humfanya mmoja wenu achoke bure na mwingine asifanye kazi ya kutosha.

Marekebisho ya pili hayahitaji umeme. Katika mazoezi ya wastani unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba; katika makali unasema maneno machache kisha unavuta pumzi. Fanya jaribio hili mara tatu au nne katika kasi tofauti huku ukitazama mapigo, na uandike ni kwenye namba gani uimbaji ulikatika na ni wapi mazungumzo yalikatika. Namba hizo mbili zitakufaa kuliko kanuni yoyote, na programu nyingi zinakuruhusu kuziingiza kwa mkono mahali pa kanda zilizotoka kiwandani.

Hatua ya 7: Hamishia takwimu kwenye jedwali lako

Picha za rangi za programu zimetengenezwa ili urudi kuzitazama. Jedwali lako limetengenezwa ili ufanye uamuzi. Fungua lahajedwali kwenye simu au kompyuta, na kila siku iwe na mstari mmoja wenye safu nane: tarehe, mapigo ya asubuhi, saa za kulala, aina ya zoezi, dakika, wastani wa mapigo wakati wa zoezi, ugumu ulioujisikia kwa alama 0 hadi 10, na maelezo mafupi. Safu ya maelezo ndiyo inayookoa uchambuzi wote. Joto kali, homa, dawa mpya, usiku wa safari, huzuni ya msiba: bila kuandikwa, kila moja kati ya hayo litaonekana baada ya miezi miwili kama badiliko la afya lisilo na sababu.

Hesabu ya kwanza ni thamani ya katikati ya juma. Tuchukue mapigo ya asubuhi ya siku saba: 62, 61, 63, 62, 74, 61, 62. Wastani wake ni 63.6, kwa sababu siku moja ya homa imeuvuta juu. Lakini ukizipanga kutoka ndogo hadi kubwa, namba iliyo katikati ni 62, nayo ndiyo picha ya kweli ya juma hilo. Lahajedwali hukufanyia kazi hii kwa fomula ya MEDIAN. Chora grafu ya thamani hizi za majuma, si ya siku, na mwelekeo utajitokeza baada ya majuma sita hadi nane.

Hesabu ya pili ni mzigo wa mazoezi. Zidisha dakika kwa alama ya ugumu, njia iliyoenezwa na mtafiti Carl Foster wa Marekani. Dakika 40 za ugumu wa 4 ni 160, dakika 30 za ugumu wa 6 ni 180, dakika 60 za ugumu wa 3 ni 180. Jumla ya juma ni 520. Uzuri wake ni kwamba inajumlisha kukimbia, kuogelea na kunyanyua vyuma katika kipimo kimoja, na inahesabu uchovu ambao mwanga wa kijani hauuoni. Juma linalofuata likiwa kati ya 500 na 570, unakwenda kwa utaratibu. Likiruka ghafla hadi 900, umeuongezea mwili mzigo ambao haukuandaliwa kwa ajili yake. Desturi ya makocha ya kutoongeza zaidi ya sehemu moja ya kumi kwa juma haina nguvu ya sheria ya kisayansi, lakini kama breki kwa mtu mwenye shauku ina manufaa, nami huifuata.

Hesabu ya tatu ndiyo ninayoipenda zaidi, maana inaonyesha moyo unavyozoea kazi. Chagua njia moja ya tambarare, tuseme ya kilomita 5, na uipite mara moja kila baada ya majuma mawili, saa ileile ya siku, kwa mapigo yaleyale uliyojiwekea. Zidisha dakika ulizotumia kwa wastani wa mapigo, upate jumla ya mapigo ya safari nzima, kisha gawanya mita 5,000 kwa jumla hiyo. Mtu aliyetumia dakika 35 kwa wastani wa mapigo 140 alitumia mapigo 4,900, ambayo ni mita 1.02 kwa kila pigo. Baada ya majuma nane akitumia dakika 33 kwa mapigo yaleyale 140, ametumia mapigo 4,620, ambayo ni mita 1.08 kwa pigo. Moyo wake unampeleka mbali zaidi kwa pigo lilelile, na badiliko hilo huweza kutokea muda mrefu kabla mizani haijaonyesha chochote. Usilinganishe siku ya jua kali na siku ya ubaridi, kwa sababu joto hupandisha mapigo hata kasi ikiwa ileile. Na katika safari ndefu tegemea mapigo yapande polepole kuelekea mwisho kadiri maji ya mwili yanavyopungua.

Hatua ya 8: Badilisha jambo moja, kisha subiri

Jedwali likishakuwa na majuma mawili ya msingi, chagua badiliko moja na ulishikilie kwa majuma manne hadi sita: kuongeza dakika 15 za kutembea kwa kasi kila siku ya kazi, au siku moja ya mazoezi makali, au kulala dakika 40 mapema. Ukibadilisha yote matatu kwa pamoja huenda ukapata nafuu, lakini hutajua uishike ipi maisha yatakapokubana na kukulazimu kuacha mawili. Kabla ya kuanza andika unatarajia namba gani isogee, kuelekea wapi, na kwa kiasi gani, kwa kuwa mtu asiyeandika matarajio yake hukuta mafanikio katika namba yoyote iliyopanda kwa bahati.

Jihadhari pia na kuanza jambo jipya mara baada ya juma baya kupita kiasi. Juma la namna hiyo kwa kawaida hufuatwa na la nafuu hata usipofanya lolote, na sifa ya nafuu hiyo itaangukia kwenye zoezi jipya, kinywaji kipya au saa mpya bila haki.

Weka vilevile kanuni ya siku za uchovu, iliyoandikwa mapema ili usibishane na nafsi yako asubuhi. Yangu ni hii: mapigo ya asubuhi yakizidi thamani yangu ya kawaida kwa 6 au zaidi siku mbili mfululizo, na mwili nao ukiwa mzito, zoezi kali la siku hiyo linageuka matembezi. Sharti zote mbili lazima zitimie, namba na hisia, kwani namba peke yake imeshanilaza nyumbani siku ambazo nilikuwa mzima kabisa. Kama kifaa chako hupima tofauti ya muda kati ya pigo na pigo, fahamu kwamba tofauti kubwa kwa kawaida huashiria mwili uliopumzika, na ndogo huashiria uchovu, msongo au ugonjwa unaonyemelea. Lakini kipimo hiki huyumba sana, hupishana mno baina ya watu, na kinafaa kutazamwa kwa wastani wa siku saba zilizopimwa usiku au asubuhi tu.

Wapo wanaoanza kulala vibaya kwa sababu ya kuhofia alama ya usingizi. Hali hiyo watafiti waliipa jina mwaka 2017, orthosomnia, baada ya kukutana na wagonjwa walioiamini saa kuliko walivyojisikia walipoamka. Ukijiona unaelekea huko, zima kipengele cha usingizi kwa mwezi mzima na uendelee na mengine.

Hatua ya 9: Jua mahali ambapo saa inapaswa kunyamaza

Maumivu au mbano kifuani, kizunguzungu cha kuzimia, pumzi kukatika kusiko kwa kawaida, au moyo kurukaruka bila mpangilio ni sababu ya kuacha zoezi na kutafuta huduma ya afya mara moja, hata kama kioo kinaonyesha namba nzuri. Tahadhari ya mapigo yasiyo na mpangilio inayotolewa na baadhi ya saa ni ya kupelekwa kwa daktari pamoja na rekodi yake; haijathibitisha ugonjwa, na kutokuwapo kwake hakujathibitisha uzima.

Anayetumia dawa za shinikizo la damu za kundi la beta bloka asitumie kanda za mapigo zilizokokotolewa hapo juu, kwa kuwa dawa hizo huuzuia moyo kupanda na mtu anaweza kujichosha kupita kiasi akifukuzia namba asiyoweza kuifikia. Afuate kipimo cha mazungumzo na alama ya ugumu. Mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo au kisukari, na mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo kilichopandikizwa mwilini waongee na daktari kabla ya kuanza, na huyu wa mwisho aulize pia kuhusu sumaku za kuchajia na mizani inayopitisha umeme mwilini. Unapokwenda kliniki, peleka ukurasa mmoja wa grafu ya majuma yenye tarehe za dawa na za ugonjwa. Daktari mwenye dakika chache ataweza kuusoma ukurasa mmoja. Hataweza kupitia skrini arobaini za programu.

Hatua ya 10: Linda takwimu zako

Mwanzoni mwa mwaka 2018 ilibainika kwamba ramani ya dunia iliyochapishwa na Strava, kampuni yenye programu ya kurekodi mazoezi, iliyojumuisha njia za mazoezi za watumiaji wake, ilikuwa inaonyesha nyayo za wanajeshi waliokuwa wakikimbia kuzunguka kambi zao. Hakuna jina lililotajwa kwenye ramani ile. Njia zenyewe zilitosha kusema. Njia yako ya kila asubuhi nayo inasema unapoishi, unatoka saa ngapi, na ni siku zipi nyumba haina mtu.

Ingia kwenye mipangilio, fanya mazoezi yako yaonekane kwako tu au kwa watu unaowachagua, na uwashe kipengele cha kuficha mwanzo na mwisho wa njia. Pitia orodha ya programu nyingine ulizoziruhusu kusoma takwimu zako na uondoe zile usizozikumbuka. Mara moja kila mwezi pakua faili lako na ulihifadhi mahali unapopamiliki mwenyewe, kwa maana kampuni hufungwa na akaunti hufutwa. Na siku utakapoiuza saa au kumpa mtu mwingine, iondoe kwanza kwenye akaunti yako, kisha uirudishe katika hali ya kiwandani, ili mapigo ya moyo wa mtu mwingine yasiingie kwenye jedwali ulilolijenga kwa miezi yote hiyo.